Kijana akijibu "ndiyo", saa moja inayofuata iendeje?

Tumaini_M (mwanzilishi wa mada)

Habari za jioni wakuu. Nipo kwenye kituo cha unasihi kwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Tunawahudumia ana kwa ana, kwa simu na kwa ujumbe wa maandishi. Mafunzo tuliyopewa yanaeleza vizuri dalili za hatari na umuhimu wa kuuliza, halafu yanaishia pale pale kijana anapojibu "ndiyo, huwa nawaza kujiua". Baada ya hapo mwongozo unasema "toa rufaa", basi.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie kwa undani, hata maneno yenyewe ikiwezekana:

1. Unaulizaje bila kumfunga mdomo, na akishajibu ndiyo unaendelea na maswali gani?
2. Mpango wa usalama (karatasi ya hatua za kujilinda akizidiwa) tunaujaza, lakini nyingi zinaandikwa "nitasali" na "nitasikiliza muziki", na wiki moja baadaye kijana hakumbuki hata aliandika nini. Tunakosea wapi?
3. Mzazi aambiwe nini, na lini?
4. Kwenye ujumbe wa maandishi, akinyamaza ghafla nifanye nini?

---

Msimamizi wa jukwaa

Mada hii ni ya wanaofanya kazi hii. Kama unaisoma na wewe mwenyewe ndiye unayewaza kujiua, usisubiri majibu hapa. Mwambie mtu mzima aliye karibu nawe sasa hivi, kwa maneno hayo hayo, au nenda kituo cha afya kilicho karibu na umwombe mtu akusindikize. Wachangiaji, njia za kujiua zisielezwe humu kwa undani wowote.

---

ZamuYaUsiku

Karibu kwenye kazi, Tumaini. Naanza na swali la kwanza, maana hayo mengine yote yamesimama juu yake.

Litaje jambo kwa jina lake: kujiua. Ukisema "hujafikiria kufanya kitu kibaya?" kijana hajui kama unazungumzia wizi, mimba au kifo, na aliyejawa na hofu atachagua maana iliyo nyepesi kwake. Kosa la pili ni kuuliza huku umeshatega jibu: "Lakini huwazi kujiua, si ndiyo?" Hapo umeshamwambia unachotaka kusikia, naye atakupa.

Anza na alichokwisha kukueleza mwenyewe, kisha uliza. "Umesema usiku hulali na huoni tena sababu ya kwenda shule. Mtu akibanwa hivyo, wakati mwingine huanza kuwaza kujiua. Wewe siku hizi umewaza hivyo?" Halafu nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi. Wengi wetu tunapoanza kazi hatuvumilii ukimya, tunarusha swali jingine, na ile "ndiyo" iliyokuwa imefika mdomoni inamezwa.

Kuhusu hofu kwamba ukiuliza utampandikizia wazo: Gould na wenzake walichapisha mwaka 2005 utafiti wa wanafunzi zaidi ya 2,300 wa shule sita za sekondari huko New York. Walioulizwa kuhusu kujiua hawakuwa na dhiki wala mawazo ya kujiua zaidi ya wasioulizwa. Waliokuwa na sonona, au waliowahi kujaribu, walionekana hata kupungukiwa na dhiki kidogo. Uliza.

Akijibu ndiyo, sentensi yako ya kwanza isiwe swali. "Asante kwa kuniamini na hilo. Sikushangai wala sikulaumu. Naomba nikuulize zaidi ili nielewe." Kisha panda ngazi moja baada ya nyingine. Dodoso la Columbia, la kuulizia mawazo na majaribio ya kujiua, lina maswali sita, na mpangilio wake ndio unaofaa kuushika kichwani hata kama huna karatasi: ulitamani ufe au ulale usiamke? Umewaza kujiua? Umefikiria utafanyaje? Ulipowaza, ulikuwa na nia ya kutekeleza? Umepanga undani wake na unakusudia kuutimiza? Umewahi kufanya au kuanza kufanya au kujiandaa kufanya chochote ili kujiua, na kama ndiyo, ni ndani ya miezi mitatu iliyopita?

Swali la sita linaulizwa hata kama la pili limejibiwa "hapana". Hapa ndipo watu wanapoteleza sana. Kijana anasema hapana, mnasihi anashusha pumzi, anaifunga fomu, na jaribio la mwezi uliopita linabaki bila kuulizwa. Ukitaka kifupi zaidi kuna ASQ, dodoso la taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani: maswali manne, na la tano (unawaza kujiua sasa hivi?) huulizwa kama amejibu ndiyo kwenye lolote kati ya hayo manne.

Sasa onyo, na hili nalisisitiza. Dodoso linakusaidia kuuliza bila kuruka kitu. Halitabiri nani atakufa. Mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, wa mwaka 2022 kuhusu kujidhuru unasema wazi kwamba zana za tathmini zisitumike kutabiri hatari wala kuamua nani apewe huduma na nani anyimwe. Ukimwandika "hatari ndogo" ukaenda zako, umejipa utulivu ambao hakuna kipimo kinachoweza kuudhamini.

Kuna mambo yakionekana, shughuli ya leo inabadilika. Ana mpango wenye siku au saa, na kifaa anacho karibu. Ameanza kujiandaa: kuandika barua za kuaga, kugawa vitu anavyovipenda. Amejaribu siku chache zilizopita. Amelewa, au amechanganyikiwa, au anasikia sauti zinazomwamuru ajidhuru. Au unazungumza naye dakika arobaini na bado hawezi kushika hata hatua moja ndogo ya kujilinda. Hapo haachwi peke yake, hata kwenda chooni anasindikizwa mpaka mlangoni, na rufaa inakuwa ya mkono kwa mkono: unampigia anayempokea kabla hamjaondoka, unaandika nusu ukurasa wa alichosema kwa maneno yake, mtu mzima anakwenda naye na anabaki mpaka apokelewe. Karatasi ya rufaa aliyopewa kijana mkononi aende mwenyewe kesho hufia mfukoni, kwa sababu mtu aliyekata tamaa ndiye mwenye nguvu kidogo kuliko wote za kupanga foleni na kujieleza upya kwa mgeni.

---

NesiMkongwe

ZamuYaUsiku amemaliza la kwanza. Mimi nashika la pili.

Tumaini, fomu zenu zinarudi na "nitasikiliza muziki" kwa sababu zinajazwa kama fomu. Mpango wa usalama unatokana na mazungumzo, na mazungumzo yenyewe huchukua dakika 20 mpaka 45. Mnaanza kwa kumwomba akueleze mara ya mwisho alipozidiwa, mwanzo hadi mwisho: alikuwa wapi, saa ngapi, nini kilitangulia, kilimpanda vipi, kilishuka vipi. Msishike kalamu kabla simulizi hiyo haijaisha. Karibu kila kitu mtakachokiandika kimo humo ndani.

Muundo wa Stanley na Brown, uliochapishwa 2012, una hatua sita. Ya kwanza ni ishara za tahadhari. "Nikiwa na huzuni" haifai, maana huzuni anayo kila siku, ataitumiaje? Angalieni tofauti: "nikianza kufuta picha zangu kwenye simu na kukaa gizani nikiwa bado na sare ya shule." Hiyo ataitambua ikitokea, na kama amekubali kumwonyesha dada yake, dada naye ataitambua.

Ya pili ni anachoweza kufanya peke yake bila kumtafuta mtu. Hapa swali langu huwa: ulichoandika kinawezekana saa nane za usiku, simu haina chaji, na wengine wamelala? Muziki ukiwa kwenye simu ambayo mzazi huikusanya usiku, hatua hiyo haipo. Na ni muziki gani? Kuna nyimbo zinazomzamisha zaidi. Mwambie ataje.

Ya tatu ni watu na mahali pa kumtoa kwenye mawazo hayo bila yeye kulazimika kusema lolote: kukaa jikoni na bibi, kwenda kiwanjani. Ya nne ni watu wa kuwaomba msaada waziwazi. Tofauti ya tatu na nne hupotea kila mara na fomu inarudi na majina yale yale. Kwa kila jina la hatua ya nne uliza mambo mawili: mtu huyu anajua kwamba yumo kwenye mpango huu? Na utamwambia nini hasa? Iandikeni ile sentensi. "Mjomba, nimezidiwa, naomba uje ukae nami" ni maneno mazito kuyatunga ukiwa ndani ya giza, lakini ukiwa umeshayaandika unayatuma tu. Na tafadhali chunguzeni kwa upole kama mtu aliyetajwa si ndiye chanzo cha maumivu. Watoto huandika "baba" kwa sababu wanaona ndilo jibu linalotakiwa.

Ya tano ni wataalamu na huduma za dharura, namba zikiwa zimepigwa mkiwa pamoja mkahakikisha zinapokelewa. Ya sita ni kuweka mazingira salama, nayo nitamwachia mwingine maana inahitaji uzi wake.

Kila hatua ikikamilika uliza: kutoka 0 hadi 10, una uhakika gani utaifanya ukiwa umezidiwa kweli? Akisema 4, msimsihi apandishe namba. Ulizeni ni nini kitamzuia, kisha badilisheni hatua yenyewe. Mwelezeni pia kwamba hatua si foleni: hatari ikiwa kubwa anaruka moja kwa moja mpaka ya tano.

Mpango uandikwe kwa mkono wake kama anaweza, kwa lugha yake, hata kama ni ya mtaani. Apige picha. Nakala moja kwake, moja kwenu. Nimeona vituo ambako nakala pekee iko kwenye faili lililofungwa kabatini. Huo unawalinda nyie kwenye ukaguzi, yeye haumlindi.

Na msimwambie asaini ahadi ya kutojiua. Hakuna ushahidi kwamba inazuia lolote, na ina madhara ya kimyakimya: siku mawazo yakirudi, kijana anaona amevunja ahadi, kwa hiyo anayaficha kwa yule yule anayepaswa kuambiwa.

Kuhusu kama mpango wenyewe unasaidia: utafiti wa 2018 kwenye vitengo vya dharura vya hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, wagonjwa 1,640, ulionyesha kwamba waliofanya mpango na kisha kupigiwa simu za ufuatiliaji walikuwa na matukio ya kujiua au kujaribu pungufu kwa takriban asilimia 45 katika miezi sita. Wale ni watu wazima, si vijana, msiuchukue kama ulivyo. Lakini tazameni: ni mpango *pamoja na simu*.

---

Daraja_la_Nyumbani

Nachukua hatua ya sita na suala la wazazi, maana hayatenganishwi.

Kwanza siri. Hili linamalizwa dakika ya kwanza ya kikao cha kwanza, kabla hakijasemwa chochote: "Tunayozungumza yanabaki hapa, isipokuwa nikiona maisha yako au ya mwingine yako hatarini, au mtu anakudhuru. Ikifika hapo nitawahusisha wengine, na wewe utakuwa wa kwanza kujua." Ukiahidi siri yote halafu ukampigia mama, umempoteza, na atawaambia wenzake kumi.

Muda wa kumhusisha mzazi ukifika, kijana ana maamuzi ya kufanya ndani ya jambo ambalo limeshaamuliwa. Aambiwe nani kati ya wazazi au walezi? Nani aseme, mimi au wewe? Uwepo au ukae nje? Nini kisisemwe? Mzazi anahitaji kujua kuna hatari na anatakiwa kufanya nini. Hahitaji kujua jina la mpenzi, wala kila kilichoandikwa kwenye daftari. Kama nyumbani ndiko anakopigwa au kunyanyaswa, simu hiyo haiendi nyumbani. Inatafutwa njia ya ulinzi wa mtoto na mtu mzima mwingine wa kuaminika.

Kwa mzazi, anza na kazi ya mikono. Mzazi aliyeambiwa tu "mwanao anawaza kujiua" ama hulia, ama hugomba, ama huita ukoo. Mpe la kufanya leo hii.

Dawa zote za nyumbani, pamoja na za bibi mwenye presha, zinakusanywa na kufungiwa kwa ufunguo. Zilizokwisha muda au zisizotumika zinarudishwa duka la dawa au kituo cha afya. Kama kijana mwenyewe ana dawa, zitolewe za wiki moja kwa wakati, na mtu mzima ndiye anayetoa dozi. Viuatilifu vya shambani na sumu za panya vinaondoka nyumbani kabisa. Kuvifungia ni chaguo la pili. Silaha, kama ipo, inahamishiwa nje ya nyumba kwa utaratibu wa kisheria. Ufunguo unakaa mwilini mwa mtu mzima. Kuficha juu ya kabati hakufai, mtoto anaijua nyumba yake kila kona.

Elekeza kwa jina na saa: nani anafanya, kabla ya saa ngapi, na wewe utampigia saa mbili usiku kuuliza kama limefanyika. Bila ile simu ya saa mbili, nusu ya kazi hubaki kwenye nia.

Wazazi wengi watakwambia "akitaka atatafuta njia nyingine". Jibu liwe tayari. Dakika za hatari kubwa huwa chache. Katika utafiti wa Deisenhammer wa 2009, karibu nusu ya watu walionusurika walisema kati ya wazo la wakati ule na kitendo hazikupita dakika 10. Kinachochelewesha dakika kumi kinaokoa. Na walio wengi walionusurika jaribio hawaji kufa kwa kujiua baadaye. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi kwa awamu, vifo vya kujiua vilipungua kwa takriban asilimia 70 tangu katikati ya miaka ya 1990. Hawakuhamia wote kwenye njia nyingine.

Kisha mfundishe mzazi sentensi moja ya kumwambia mtoto usiku ule: "Nimeambiwa unaumia. Sijakasirika. Niko hapa." Ukimwachia atunge mwenyewe akiwa na hofu, kinachotoka mara nyingi ni "unataka kunitia aibu?" na hofu yake inasikika kama chuki.

---

Tumaini_M

Wakuu, nashukuru sana, nimechapisha yote. Sentensi ya kuandikwa hatua ya nne sikuwahi kuifikiria kabisa. Limebaki la maandishi. Na nyongeza: baada ya kumrudisha nyumbani, ufuatiliaji uwe wa mara ngapi? Sisi tunasema "rudi ukijisikia vibaya".

---

KidoleGumba

Maandishi yana sheria zake, dada (au kaka, samahani).

Taarifa za usalama zichukuliwe mapema, mambo yakiwa bado tulivu. Dakika tatu za mwanzo: nikuite nani? Uko wapi sasa, na uko na nani? Simu ina chaji? Tukikatika, nikupate kwa namba gani nyingine? Ukingoja mpaka aseme "nimechoka, kwaheri" ndipo uulize yuko wapi, atajua unataka kumtumia watu na atazima.

Ujumbe mmoja, swali moja. Mistari miwili. Ukimtumia aya yenye maswali matatu atajibu lile jepesi na wewe hutajua kama mengine kayakwepa au hakuyaona. Usibandike maneno yaliyoandaliwa; vijana wanayatambua mara moja kwa jinsi yalivyonyooka. Rudia neno lake mwenyewe. Akiandika "nimejichokea", usimjibu "naelewa una msongo wa mawazo". Mjibu "umejichokea kiasi gani leo?"

Jihadhari na "sawa" na "poa". Mtu aliyekuwa anaandika mistari mitatu mitatu, ghafla anaanza "sawa", "sawa", "asante kwa kila kitu": hiyo si nafuu mpaka uulize. "Umeniandikia asante kama mtu anayeaga. Unaaga?"

Akinyamaza baada ya kusema ndiyo: dakika mbili subiri, huenda anaandika au kuna mtu kaingia chumbani. Kisha ujumbe mfupi, "Bado nipo. Hata nukta moja inatosha nijue upo." Dakika tano, piga simu. Hapokei, msimamizi wa zamu anaitwa wakati huo huo, si mwisho wa zamu, na yeye ndiye anayeamua kuhusu mtu wa karibu aliyetajwa au huduma za dharura. Uamuzi huo usiachwe kwa mtu mmoja aliye peke yake na skrini. Andika saa ya kila ujumbe na kila simu.

Akikwambia ameshafanya jambo, unasihi unasimama. Amemeza nini, lini, nani yuko karibu, dharura inapigiwa. "Lakini najisikia vizuri tu" isikutulize hata kidogo. Sumu nyingine na dawa nyingine huanza kuonyesha madhara saa nyingi baadaye, wakati tiba imeshakuwa ngumu. Ni hospitali, sasa, hata kama amejuta na anasema yameisha.

---

ZamuYaUsiku

Kuhusu ufuatiliaji. "Rudi ukijisikia vibaya" inamtaka afanye lile asiloliweza akijisikia vibaya. Mtafuteni ninyi.

Shirika la Afya Duniani lilijaribu hili katika nchi tano (Brazili, India, Sri Lanka, Iran na China), kwa watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu walipata pia kikao cha saa moja, kisha wakatafutwa mara tisa: wiki ya 1, 2, 4, 7 na 11, halafu mwezi wa 4, 6, 12 na 18. Matokeo yalichapishwa 2008: mpaka miezi 18, waliokufa kwa kujiua walikuwa asilimia 2.2 upande wa kawaida na 0.2 upande uliofuatiliwa. Simu na ziara fupi, si mashine.

Ratiba hiyo inafaa kuazimwa, na juu yake ongezeni simu ya ndani ya saa 24 hadi 72, maana wiki ya kwanza baada ya kutoka hospitali ndiyo ya hatari kuliko zote. Simu yenyewe dakika 10 hadi 20: hali ikoje leo, mawazo ya kujiua yamerudi? (uliza tena kwa jina lake). Hatua gani ya mpango ameijaribu na ipi haikufaa, mkaibadilishe hapo hapo. Vilivyofungiwa bado vimefungiwa? Na miadi yake ijayo atafikaje. Swali hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Miadi mingi hupotea kwa kukosa nauli, kukosa ruhusa shuleni, au kuogopa kuonekana kwenye foleni ya kliniki ya akili, na kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kutatuliwa kwenye simu kama kimetajwa.

Kubalianeni mapema itakuwaje asipopokea: simu tatu kwa siku mbili, kisha kwa mtu aliyemtaja mwenyewe. Akijua hivyo tangu mwanzo, hataona umemvamia.

---

Mwalimu_wa_Malezi

Naomba nidandie kutoka upande wa shule, kwa kifupi. Mkiitwa shuleni baada ya mwanafunzi kufa kwa kujiua, zuieni jambo la kwanza ambalo uongozi utataka kufanya, yaani kuita wote mstarini na kutangaza. Habari isomwe darasa kwa darasa, na mwalimu wanayemfahamu, maneno yale yale, yakiwa yamekubaliwa na familia. Njia aliyotumia haitajwi. Sababu moja haitajwi, hata kama kila mtu anadai anaijua, kwa sababu mtoto mwingine aliyefeli mtihani ule ule anasikiliza.

Siku hiyo hiyo andikeni orodha: marafiki wa karibu, aliyekaa naye dawati moja, wa mwisho kuwasiliana naye, aliyegombana naye, na yeyote aliyewahi kujaribu hata kama hakumfahamu marehemu. Hao wanaonwa mmoja mmoja ndani ya siku mbili tatu. Dawati lisiondolewe usiku kwa siri wala lisigeuzwe madhabahu. Wenzake waambiwe litahamishwa lini. Kumbukizi iwe ile ile ambayo shule ingempa mwanafunzi aliyekufa kwa malaria. Mtu mmoja afuatilie makundi ya wanafunzi kwenye simu, na tarehe ya mwaka mmoja iandikwe kwenye kalenda leo.

Kwa kinga, mhadhara mmoja wa saa mbili ukumbini hauna nguvu. Programu ya YAM, ya kuwafundisha wanafunzi kuhusu afya ya akili, iliyopimwa kwenye utafiti wa SEYLE (shule 168 za nchi kumi za Ulaya, wanafunzi zaidi ya 11,000, matokeo 2015), ni saa tano zilizogawanywa katika wiki nne, wanafunzi wakiigiza mikasa yao wenyewe na kuijadili. Baada ya miezi 12 majaribio mapya yalikuwa takriban nusu ya kundi la kulinganisha.

---

Tumaini_M

Mwalimu, asante, hilo la orodha nalipeleka ofisini kesho asubuhi. Swali dogo la mwisho kwa wote: kumbukumbu mnaandikaje? Kwetu kila mtu ana mtindo wake, wengine mistari miwili, wengine kurasa nne.

---

NesiMkongwe

Nusu ukurasa, siku hiyo hiyo kabla hujatoka. Nilimuuliza nini, alijibu nini kwa maneno yake kwenye alama za nukuu, nani mwingine alikuwepo, tuliamua nini na kwa sababu gani, nani anafanya nini kabla ya saa ngapi. Sababu ndiyo inayosahaulika. "Hakupelekwa hospitali" haitoshi. Andika "hana mpango wala nia, dada yake mkubwa analala naye chumba kimoja wiki hii, dawa zimefungiwa, simu kesho saa nne asubuhi". Mwenzako wa zamu ya usiku anaweza kufanya kazi na hiyo.

Maneno: "alikufa kwa kujiua", "alijaribu kujiua". Usiandike "alifanikiwa" wala "anatafuta tu kuonekana". Na kama mko mahali ambapo sheria bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, pateni ushauri wa kisheria mapema kuhusu nani anaweza kudai faili hilo, na mwelezeni kijana. Kuna wanaokaa kimya kwa kuogopa polisi kuliko kifo.

Kitu kimoja cha kuongeza kwenye fomu yenu, chini kabisa: "Nani amezungumza na mnasihi baada ya kikao hiki, saa ngapi?" Aliyebeba "ndiyo" mbili kwa siku hapaswi kupewa ya tatu, na nafasi hiyo isipojazwa kwa siku tatu mfululizo, msimamizi amfuate.

---

Tumaini_M

Imeingia kwenye fomu. Simu ya kwanza ya ratiba mpya ni kesho saa nne.